Muziki wa gemu za zamani haukurekodiwa popote

Mwishoni mwa Oktoba 2024 Nintendo ilitoa programu ya simu iitwayo Nintendo Music. Anayelipia huduma ya Switch Online anaweza kusikiliza humo muziki wa gemu za kampuni hiyo, kuanzia za NES, mashine yake ya miaka ya 1980, hadi za Switch ya sasa, na hata kurefusha baadhi ya nyimbo hadi dakika 60. Tangu hapo imezuka hoja inayosemwa na watu wenye nia njema kabisa: muziki sasa unapatikana kihalali, kwa hiyo mashabiki waliokuwa wakiuchomoa kwenye kaseti za gemu, kuuhifadhi, kuupanga upya na kuutia kwenye gemu walizotengeneza wenyewe hawana tena sababu ya kuendelea. Naona hoja hiyo imekosea kwenye msingi. Kinachosikika kwenye programu ile ni rekodi ya muziki ukiwa unapigwa. Muziki wenyewe ni kitu kingine: ni maagizo ya namba yaliyoandikwa ili chipu fulani iyatekeleze papo hapo, na wanaojua leo namna ya kuyasoma, kuyatunza na kuandika mengine ni, kwa sehemu kubwa, mashabiki haohao. Kuwa na kanda ya ngoma si kujua kuiwamba.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima kuifungua mashine. NES, iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, inatoa sauti kwa chipu ya Ricoh 2A03 yenye chaneli tano tu: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele inayotumika kwa ngoma na milipuko, na moja ya kucheza sampuli fupi. Wimbi la mraba lina maumbo manne, kulingana na sehemu ya mzunguko ambayo wimbi liko juu: asilimia 12.5, 25, 50 na 75, ila la 75 husikika sawa na la 25, hivyo mtunzi ana rangi tatu za sauti. Ukubwa wa sauti una ngazi 16, isipokuwa kwenye pembetatu, ambayo ama inalia ama imenyamaza. Ndiyo maana besi ya gemu nyingi za NES hukatika ghafla badala ya kufifia. Mara 60 kwa sekunde programu ndogo iliyomo ndani ya kaseti husoma namba zinazofuata na kuziandika kwenye rejista za chipu, yaani vijisanduku vyake vya kupokea namba. Mtunzi anayetaka noti tatu zilie pamoja huku amebakiwa na chaneli moja huzizungusha kwa kasi, kila noti sehemu ya 60 ya sekunde, na sikio hupokea ule mtetemo unaotambulika mara moja kuwa ni wa gemu. Hakuna studio wala tepu. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, picha na muziki pamoja, ni kilobaiti 40. Dakika moja tu ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kilobaiti 960. Aprili 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki wa gemu hiyo, uliotungwa na Koji Kondo, kwenye orodha yake ya rekodi za taifa, ukiwa wa kwanza kutoka kwenye gemu. Heshima hiyo uliistahili kabisa, lakini kilichoheshimiwa kama rekodi hakina rekodi ya asili. Asili yake ni zile namba.

Na kwa kuwa ni namba, muziki ule hubadilika kulingana na mashine inayozisoma. Televisheni za Japani na Marekani zilikwenda kwa Hz 60, yaani mara 60 kwa sekunde, zetu za mfumo wa PAL kwa Hz 50. Gemu isiyorekebishwa hupoteza moja ya sita ya mwendo wa muziki wake: wimbo wa mapigo 150 kwa dakika unakuwa wa mapigo 125. Kwenye NES ya Ulaya noti zenyewe pia hushuka, zaidi ya nusu-toni moja, ikiwa jedwali la noti halikubadilishwa, kwa sababu saa ya chipu yake ni MHz 1.66 badala ya 1.79. Kisha kuna mashine za nakala, zile za kaseti za njano zilizoandikwa gemu 9999999, ambazo wengi katika Afrika Mashariki walizijua kabla ya kuijua NES yenyewe. Nyingi kati ya zile za PAL zina saa ya MHz 1.77, kwa hiyo noti hubaki karibu palepale huku mwendo ukiwa wa Hz 50, na baadhi ya chipu zake zilibadilishana umbo la asilimia 25 na la 50: sauti nyembamba ikawa nene, nene ikawa nyembamba. Aliyeukariri wimbo kwenye mashine hiyo hakusikia vibaya. Alisikia utekelezaji mwingine wa maagizo yaleyale. Programu rasmi haina toleo hilo. Mesen, emyuleta (programu ya kompyuta inayoiga mashine) iliyotengenezwa na mpenzi wa mashine hizi, inalo: kwenye mipangilio unachagua mfumo wa Dendy, yaani wa mashine za nakala za PAL, badala ya NTSC, ule wa Hz 60, kisha unawasha chaguo la kubadilishana maumbo ya wimbi la mraba, na unaisikia mashine uliyoizoea.

Hata kwenye mashine moja rekodi huacha mengi nje. Katika Super Mario World ya mwaka 1990, mchezaji akimpanda Yoshi ngoma huongezeka kwenye wimbo uleule bila wimbo kukatika. Akishuka, ngoma hunyamaza. Katika Super Mario Bros. muda ukibaki chini ya 100 muziki hukimbia. Na kwenye NES mlio wa kuruka au wa kuokota sarafu hauna chaneli yake: unapokonya moja ya muziki kwa muda mfupi, kisha sauti ya wimbo inarudi mahali ilipofika. Mtunzi mahiri alilijua hilo na akaiweka sauti kuu kwenye chaneli isiyopokonywa sana. Ukisikiliza rekodi safi isiyo na milio hiyo, unasikia mpangilio ambao sababu yake imeondolewa.

Mashabiki walilielewa hili mapema, ndiyo maana hawakuhifadhi sauti bali maagizo. Faili ya NSF ni kipande cha programu ya gemu, yaani ile sehemu inayopiga muziki pamoja na data yake, kilichotolewa kwenye kaseti na kuwekewa kichwa cha baiti 128 kinachoeleza ianzie wapi na iitwe mara ngapi kwa sekunde. Kichezaji cha NSF huiga chipu na kuitekeleza. Faili ya SPC ya SNES, mashine iliyoifuata NES, ni picha ya kilobaiti zote 64 za kumbukumbu ya sauti pamoja na hali ya rejista wakati wimbo unaanza. Ukiwa na faili hizi unaweza kuzima chaneli moja na kusikiliza besi peke yake, kuona mtunzi alivyopunguza sauti noti kwa noti, kujifunza. Ukiwa na rekodi unaweza kusikiliza tu.

Mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri zaidi ni ule wa kampuni ya gemu ya Konami. Mwaka 1989 nchini Japani gemu yake ya tatu ya Castlevania ilitoka kwenye kaseti yenye chipu ya VRC6, iliyoongeza chaneli tatu: mbili za mraba na moja ya wimbi la msumeno. Famicom iliipitisha sauti yake kupitia kaseti, hivyo chipu ya ziada iliweza kuchanganya sauti yake humo njiani. NES ya Marekani na Ulaya haikuwa na njia hiyo kwenye kaseti. Njia hiyo ililetwa kwenye mlango wa upanuzi ulio chini ya mashine, ambao haukutumika. Toleo la nje likalazimika kupangwa upya kwa chaneli tano. Mwenye NES halisi na kaseti ya kuandikika leo anaweza kuirudisha sauti ya Kijapani kwa resista moja ya kiloohm 47 kati ya pini ya 3 na ya 9 za mlango huo. Akiweka ndogo mno, chaneli za ziada huzizidi nguvu zile tano za mashine na uwiano wa mtunzi hupotea. Maarifa haya yamekusanywa, yakapimwa na kuandikwa na watu wa kujitolea.

Gemu za mashabiki zinaingia hapa, na ni vyema kuzitenganisha aina mbili ambazo huchanganywa. Kuna zinazojengwa upya kwa kompyuta za kisasa, ambako mtunzi hana kikomo cha chipu. Na kuna zinazotengenezwa kwa ajili ya mashine yenyewe ya zamani, ama kwa kubadilisha gemu iliyopo ama kwa kuandika mpya kabisa. Aina hii ya pili ndiyo chuo cha ufundi, kwa sababu mashine haimsamehi anayekisia. Chukua mwangwi wa SNES. Chipu yake ya sauti, iliyotengenezwa na Sony, ina chaneli nane na kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa ajili ya programu, noti, ala na mwangwi vyote pamoja. Kila milisekunde 16 za ucheleweshaji wa mwangwi hula kilobaiti 2. Ukiufikisha kwenye kikomo cha milisekunde 240 umetumia kilobaiti 30, karibu nusu ya kumbukumbu yote. Kwa miaka mingi watengenezaji wa matoleo ya mashabiki ya Super Mario World walijaribu kazi zao kwenye ZSNES, emyuleta iliyokuwa na kasi lakini haikuuandika mwangwi ndani ya kumbukumbu ileile. Nyimbo zilizopita vizuri humo, zikipelekwa kwenye mashine halisi, mwangwi uliandika juu ya ala au juu ya programu yenyewe, na muziki ukageuka kelele au gemu ikaganda. Tiba yake inajulikana: hesabu ala kwanza, weka eneo la mwangwi mwishoni mwa kumbukumbu, punguza ucheleweshaji hadi ukae, na unapoubadilisha wakati gemu inaendelea, zima uandishi wa mwangwi na usubiri milisekunde 240 kabla ya kuuwasha, maana chipu huendelea kutumia ukubwa wa zamani hadi imalize mzunguko. Kisha jaribu kwenye emyuleta sahihi kama bsnes au Mesen, na mwisho kwenye mashine.

NES nayo ina mitego yake. Sampuli ya chaneli ya tano haizidi baiti 4,081, ambazo kwa kasi ya juu kabisa ni chini kidogo ya sekunde moja, kwa hiyo watu huitumia kwa ngoma. Lakini kila chipu inapochota baiti ya sampuli humsimamisha kidogo prosesa, na ikiwa wakati huohuo programu inasoma pedi, biti moja hupotea na gemu huona kitufe ambacho hakuna aliyekibonyeza. Mtengenezaji asiyejua husaka kosa kwenye msimbo wa mchezo kwa siku nyingi, kumbe kosa linakuja na ngoma. Dawa ni kusoma pedi mara mbili na kurudia hadi usomaji mara mbili mfululizo ulingane. Mtego mwingine: ukiandika kwenye rejista ya juu ya noti ya wimbi la mraba, wimbi huanza upya na mlio mdogo wa kukatika husikika, hivyo noti inayotikiswa ikivuka mpaka wa rejista hiyo hutoa mikwaruzo. Programu nzuri ya sauti huandika rejista hiyo pale tu thamani yake inapobadilika. FamiTracker na FamiStudio, zana mbili za bure zinazotumika zaidi kuandika muziki wa NES, zimebeba ndani yake miaka ya kugundua mambo kama haya. Kwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye chaneli sita za FM za Yamaha YM2612 na nne za chipu ndogo ya pembeni, kuna Furnace, nayo ya bure na yenye msimbo wazi.

Sasa tuzisikilize kampuni, kwa sababu zina hoja. Agosti 2016 ilitoka AM2R, gemu ya shabiki wa Argentina, Milton Guasti, aliyeitengeneza upya Metroid II kwa karibu miaka kumi. Nintendo iliiondoa kwenye mtandao ndani ya siku chache. Wengi walikasirika. Mwaka uliofuata kampuni ilitoa Metroid: Samus Returns, toleo lake lenyewe la gemu hiyohiyo. Kampuni inayojiandaa kuuza kitu haiwezi kutarajiwa kutazama kitu kilekile kikigawiwa bure kwa jina lake. Pokémon Uranium, gemu nyingine ya mashabiki ya mwezi uleule wa Agosti, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1.5 kabla ya kuondolewa. Kwa idadi hiyo si rahisi kusema ni mchezo wa marafiki wachache. Mwenye alama ya biashara ana haki ya kujali nani anaitumia, na mnunuzi ana haki ya kujua gemu aliyonayo imetoka kwa nani.

Upande wa mashabiki nao una hoja moja dhaifu ambayo inafaa iachwe: kwamba kutouza kunahalalisha. Hakuhalalishi. Hakimiliki ya Marekani na ya Japani haimwachilii mtu kwa sababu tu hakuchukua pesa, na anayejenga miaka minane juu ya imani hiyo anajenga juu ya mchanga. Ndivyo ilivyotokea kwa Streets of Rage Remake ya kundi la Bombergames la Hispania: ilitoka Aprili 2011 baada ya miaka minane ya kazi, na siku chache baadaye Sega ikaomba iondolewe.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote ni ileile tuliyoanza nayo, kwamba upatikanaji rasmi umemaliza haja ya mashabiki. Upatikanaji huo ni wa kukodi: ukiacha kulipa, muziki unaondoka. Ulipoanza haukuwa na majina ya watunzi, jambo linalouma hasa kwa muziki huu, kwa kuwa kampuni za miaka ya 1980 ziliwaficha watunzi wao nyuma ya majina ya utani ili wasichukuliwe na washindani. Manami Matsumae, aliyetunga muziki wa Mega Man mwaka 1987, kwenye gemu aliandikwa Chanchacorin Manami. Na toleo rasmi si lazima liwe la asili. Sega ilipotoa Sonic Origins mwaka 2022, nyimbo kadhaa za Sonic 3, zikiwemo za IceCap na Carnival Night, zilibadilishwa kwa nyingine. Anayetaka kusikia alichokisikia mwaka 1994 atakwenda kwenye kaseti ya zamani au kwenye faili za mashabiki. Wakfu wa Historia ya Gemu za Video wa Marekani ulionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Programu ya kampuni moja, iwe nzuri kiasi gani, haigusi gemu za kampuni zilizokufa. Na mwaka 2022 chaneli ya YouTube iliyokuwa maarufu kwa muziki wa gemu za Nintendo ilizuiwa zaidi ya video 1,300 ikafungwa, miaka miwili na zaidi kabla ya programu rasmi kuwepo. Kwa muda wote huo nyimbo nyingi hazikuwa na mahali halali pa kusikilizwa.

Njia nyingine imeshajaribiwa na ikafaulu. Mwaka 2012 Capcom ilipoonyeshwa Street Fighter X Mega Man, gemu ya shabiki wa Singapore, Seow Zong Hui, iliigharamia na kuitoa bure kwa jina lake yenyewe mwezi Desemba. Sega, licha ya ilivyofanya mwaka 2011, ilimpa Christian Whitehead, aliyetokea kwenye gemu za mashabiki wa Sonic, kazi ya kuongoza Sonic Mania ya mwaka 2017. Muziki uliandikwa na Tee Lopes, ambaye watu walimjua kwanza kwa mipangilio yake ya nyimbo za Sonic kwenye YouTube. Capcom na Sega hazikuwafanyia hisani. Ziliajiri watu waliokuwa wamejifunza kwa mikono kitu ambacho ndani ya kampuni hakikuwa kinafundishwa tena.

Kwa mashabiki, hili lina maana ya vitendo. Anayependa muziki wa Metroid na anataka kazi yake idumu, atunge wake kwa chaneli zilezile tano, atumie wahusika wake, na pamoja na gemu atoe faili ya mradi ya FamiStudio au Furnace, si MP3 peke yake, ili mwingine aweze kuifungua na kuona noti. Akitegemea wahusika wa kampuni, ajue kwamba anaweza kuamka siku moja akute kazi haipo, hivyo muziki wake mwenyewe auhifadhi kando na gemu. Kwa kampuni maana yake ni kufungua makabati. Kutaja kila mtunzi kwa jina lake halisi hakugharimu kitu. Kuweka maagizo yenyewe pembeni ya rekodi, kwa leseni ya kusoma na kujifunza, hakuhitaji hata seva kubwa: wimbo mmoja wa SNES, pamoja na ala zake zote na programu inayoupiga, ni faili ya SPC ya baiti 66,048.